Uthibitisho ulipita, data ikapotea: kisa cha logi ya diski katika utafiti wa uzamivu

Mwanafunzi wa uzamivu katika mifumo ya kompyuta amejenga hifadhi ndogo ya data inayotumia logi: kila badiliko huandikwa kwanza pembeni, kisha hupelekwa mahali pake pa kudumu. Programu imeandikwa kwa Dafny, lugha yenye kithibitishi, yaani zana inayokagua kihisabati kama programu inatimiza kauli zilizoandikwa kuihusu, na kithibitishi hicho kimeikubali yote. Kauli kuu inasema kwamba umeme ukikatika wakati wowote, muamala, yaani kundi la mabadiliko linalohesabiwa kuwa kitu kimoja, utaonekana wote au hautaonekana kabisa. Kisha jaribio la kuigiza kukatika kwa umeme linatoa diski yenye bloku (vipande vya data) saba zilizoandikwa mahali pasipo pake. Hakuna ujumbe wa kosa. Urejeshaji umefanya kazi yake hadi mwisho na kutangaza kwamba mambo ni shwari.

Kisa hiki tumekiunda kwa ajili ya uchambuzi, ila kila hitilafu iliyomo ni ya aina inayojulikana katika mifumo halisi. Tumekichagua kwa sababu swali la kwanza ambalo kila mtu huuliza, kama uthibitisho wenyewe una kosa, karibu kila mara hujibiwa "hapana", na jibu hilo halimfikishi mwanafunzi popote. Utafiti unaanzia baada ya hapo.

Mfumo wenyewe

Diski imegawanywa katika bloku za baiti 4,096. Bloku ya kwanza ya eneo la logi ni kichwa. Baiti 8 za mwanzo zinashika idadi ya bloku za muamala, tuiite n, halafu inafuata orodha ya anwani, baiti 8 kwa kila anwani. Kichwa kina nafasi 512 za namna hiyo: moja ya idadi na 511 za anwani. Baada ya kichwa zinakuja bloku za data.

Muamala unaidhinishwa hivi. Bloku n za data zinaandikwa kwenye logi, kisha inatolewa amri ya kusukuma, yaani `fdatasync` kwenye Linux, ili kilichomo kwenye kachi, yaani kumbukumbu ya muda, kifike diskini kweli. Kichwa kinaandikwa kikiwa na n na anwani zake, na amri ya kusukuma inatolewa tena. Hapo ndipo muamala unahesabiwa kuwa umeidhinishwa. Data inanakiliwa kutoka kwenye logi hadi anwani zake za kudumu, na kusukumwa mara ya tatu. Mwishoni n inarudishwa kuwa 0 na kusukumwa mara ya nne. Anwani za zamani zinaachwa kwenye kichwa zilivyo, kwa kuwa n ikiwa 0 hakuna anayezisoma.

Urejeshaji ni mfupi: soma kichwa, n ikiwa 0, maliza, ikiwa ni zaidi ya 0, nakili bloku n za logi kwenye anwani zilizoorodheshwa, sukuma, kisha rudisha n kuwa 0. Kazi hii ikikatizwa katikati inaweza kuanzwa upya bila madhara.

Modeli ya diski aliyoitumia mwanafunzi haikuwa ya kizembe. Wanaoanza huichukulia diski kama safu ambayo ukiandika, kimeandikika. Yeye alikwenda mbali zaidi: kila bloku ina thamani ya kudumu pamoja na thamani zilizoandikwa tangu amri ya mwisho ya kusukuma, na umeme ukikatika kila bloku inaweza kubaki na thamani yoyote kati ya hizo, bila kujali bloku nyingine imechagua ipi. Modeli ya sura hii ndiyo iliyotumika kwenye FSCQ, mfumo wa mafaili uliothibitishwa kwa zana ya uthibitisho iitwayo Coq huko MIT na kuchapishwa mwaka 2015. Inashughulikia vizuri tatizo la maandishi kufika diskini nje ya mpangilio. Kasoro yake katika kisa hiki ni moja: inaichukulia bloku nzima kama chembe isiyogawanyika.

Bloku saba

Diski nyingi hupokea data kwa sekta za baiti 512. Kwenye vifaa vya NVMe, aina ya diski za kasi zisizo na sehemu zinazozunguka, ahadi kuhusu kukatika kwa umeme imeandikwa katika sehemu inayoitwa AWUPF, ambayo unaisoma kwa `nvme id-ctrl`. Inahesabiwa kuanzia 0, kwa hiyo kifaa kinachoonyesha 0 huku sekta zake zikiwa za baiti 512 kinaahidi baiti 512 pekee. Bloku ya baiti 4,096 ni sekta nane. Umeme ukikatika, baadhi ya sekta hizo zinaweza kuwa mpya na nyingine za zamani.

Sasa tukitazame kichwa kwa karibu. Sekta ya kwanza ina nafasi 64: idadi moja na anwani 63. Muamala wa bloku 63 au pungufu unaenea wote ndani ya sekta hiyo, na kwa huo dhana ya mwanafunzi inashika. Muamala wa bloku 70 unahitaji baiti 568, kwa hiyo unavuka hadi sekta ya pili. Umeme ukikatika wakati kichwa kinaandikwa, hali zinazowezekana ni nne. Sekta zote mbili zikibaki za zamani, muamala haupo. Zote mbili zikiwa mpya, muamala upo. Ya pili ikiwa mpya na ya kwanza ya zamani, n bado ni 0, hakuna tatizo. Inabaki moja: sekta ya kwanza ni mpya na inasema n = 70, ya pili ni ya zamani na ina anwani za muamala mwingine wa kale. Urejeshaji unaamini idadi, unasoma anwani 70, na bloku ya 64 hadi ya 70 zinamwagwa juu ya data ya mtu mwingine. Ndizo bloku saba zetu.

Muamala wa bloku 500 unagusa sekta zote nane, na hali zinazowezekana zinafika 256. Zenye madhara ni zile ambazo sekta ya kwanza ni mpya huku angalau moja kati ya saba zilizobaki ikiwa ya zamani: 127. Karibu nusu.

Kwa nini majaribio ya awali hayakuona chochote? Sababu ni tatu, na zote hukutwa mara kwa mara. Miamala ya majaribio ilikuwa midogo, hakuna iliyozidi bloku 63. Pili, kuzimika kuliigizwa kwa `kill -9`. Amri hiyo inaua programu tu; kachi ya kerneli, kiini cha mfumo endeshi, inabaki salama na data yote inafika diskini baadaye, hivyo jaribio la namna hiyo halisemi lolote kuhusu umeme. Sababu ya tatu ndiyo ya kufikiriwa zaidi. Hata alipohamia kwenye `dm-log-writes`, kifaa cha Linux kinachorekodi maandishi yote yanayokwenda diskini pamoja na alama za kusukuma, zana yake ya kurudia maandishi ilichukua kila andiko la baiti 4,096 kama kitu kimoja, ama lipo ama halipo. Jaribio lilirithi dhana ileile ya uthibitisho. Lilikuwa haliwezi kuupinga uthibitisho kwa namna ilivyotengenezwa. Hitilafu ilijitokeza pale tu zana ilipoelekezwa kukata kila andiko vipande vya baiti 512 na kuchagua baadhi.

Kwa miamala mikubwa huwezi kupitia hali zote, kwa sababu maandishi k yasiyosukumwa yana hali 2 kwa kipeo cha k. Kinachofaa ni kuanza na hali zote za mwanzo wa mfululizo, kisha hali zote zenye sekta moja iliyokosekana, halafu sampuli za bahati nasibu zenye mbegu (namba inayoanzisha bahati nasibu) iliyohifadhiwa ili kosa likipatikana liweze kurudiwa. Hali yetu ya bloku 70 inanaswa na kundi la pili.

Njia tatu za kurekebisha

Njia fupi ni kuweka kikomo cha bloku 63 kwa muamala. Ni mstari mmoja wa programu na sharti moja la awali, linalotakiwa kutimia kabla ya kazi kuanza. Gharama yake ni kwamba muamala mkubwa kabisa unashuka kutoka baiti 2,093,056 hadi 258,048. Kwa hifadhi nyingi ndogo hilo linatosha kabisa, na mwanafunzi anayebanwa na tarehe ya kuwasilisha makala asione haya kuitumia, alimradi aiandike.

Ya pili ni kuweka kwenye kichwa hesabu ya ukaguzi, yaani namba fupi inayokokotolewa kutoka kwenye data, kwa mfano CRC32C, ili urejeshaji utambue kichwa kilichokatika. Kwa mhandisi ni suluhisho la kawaida. Kwa anayethibitisha kuna mtego. Ili uthibitisho upite, kishawishi ni kuongeza aksiomu, kauli inayokubaliwa bila kuthibitishwa, inayosema "vichwa viwili tofauti havitoi CRC sawa". Aksiomu hiyo ni ya uongo: kichwa kina biti 32,768 na CRC32C ina 32 tu, kwa hiyo migongano ipo bila shaka. Ukiingiza kauli ya uongo kwenye kithibitishi, kila kitu kinathibitika, ikiwemo kwamba 0 ni sawa na 1, nawe utaona rangi ya kijani kila mahali. Namna salama zaidi ni kuilinganisha hesabu na thamani zilizokwisha kukokotolewa na kusema kwamba programu haiendelei ikiwa mgongano umetokea, halafu kauli kuu ishike kwa utekelezaji usio na mgongano. Hata hivyo, ahadi hiyo ina uzito kwa hesabu ya kikriptografia. Kwa CRC ni nyepesi.

Sisi tungechukua ya tatu. Idadi inatengwa kwenye bloku yake yenyewe ya baiti 4,096, ambapo ni baiti 8 za mwanzo tu zinazotumika na zilizobaki ni sifuri daima. Anwani zinahamia bloku inayofuata na kuandikwa pamoja na data, kabla ya kusukuma kwa kwanza. Amri za kusukuma zinabaki nne. Kinachoongezeka ni andiko moja tu la bloku. Kwa nini bloku nzima kwa ajili ya baiti 8? Kwa sababu zipo diski zinazojitangaza kuwa na sekta za 512 ilhali ndani zinaandika 4,096: kuandika sekta moja kunailazimu diski isome sekta nane, ibadilishe moja na kuziandika zote upya. Hilo likikatizwa, majirani wako hatarini. Idadi isiwe na majirani wa maana.

Mpangilio huu unaleta faida ambayo haionekani mara moja. Ukiutazama tena utaona kwamba ni sekta ya idadi pekee inayohitaji kuwa ya zamani au mpya. Kila andiko jingine lisilosukumwa linaweza kubaki na kitu chochote kile, hata takataka. Bloku za logi na anwani zikiharibika kabla ya n kuandikwa, n ni 0 na hakuna anayezisoma. Bloku za kudumu zikiharibika wakati wa kunakili, logi imeshasukumwa na itazinakili upya. Kwa hiyo modeli mpya haihitaji orodha ya thamani zinazosubiri: bloku isiyosukumwa ni "haijulikani", basi. Dhana zimepungua, kauli imekuwa na nguvu zaidi, na modeli imekuwa rahisi. Hapa ndipo kisa kinapogeuka kutoka kuziba tundu na kuwa mchango wa utafiti.

Uthibitisho unapolazimika kuandikwa upya

Kubadilisha modeli huvunja lema nyingi, zile kauli ndogo zinazojenga uthibitisho, kwa mpigo. Kosa la kwanza ni kushusha mfumo mzima kwenye ngazi ya sekta, yaani kuandika diski kama safu ya safu. Kila kauli ya "kwa kila bloku" inageuka kuwa "kwa kila bloku, kwa kila sekta", na Z3, injini iliyo nyuma ya Dafny, inaanza kuzalisha mifano isiyoisha. Mbinu (kipande cha programu kinachoitwa kwa jina) iliyokuwa ikipita kwa sekunde chache inafikia kikomo cha muda, kisha inapita ukibadilisha jina la kigeugeu, kisha inakwama tena.

Kinachofanya kazi ni kuweka sekta kwenye tabaka la chini kabisa tu. Tabaka hilo linathibitisha kauli mbili: andiko la bloku ya idadi likikatizwa, idadi inayosomwa ni ya zamani au mpya, na bloku nyingine yoyote isiyosukumwa haina uhakika. Matabaka ya juu yanaona kauli hizo mbili na hayajui kama sekta zipo. Sharti kuu la kudumu, lile linalopaswa kubaki kweli katika kila hatua, lifichwe kwa `opaque` na kufunuliwa kwa `reveal` pale tu linapohitajika. Kila moja ya hatua nne za kuidhinisha iwe na lema yake. Kisha uthibitisho uendeshwe kwa mbegu kadhaa za bahati nasibu: lema inayopita kwa mbegu moja na kushindwa kwa nyingine itakuvunjikia mkononi toleo la Dafny likibadilika, na wanaokagua programu zinazoambatana na makala watakutana nayo kabla yako.

Tundu la pili liko nje ya Dafny

Amri ya kusukuma haijaandikwa kwa Dafny. Imetangazwa kuwa ya nje, kwa `extern`, ikiwa na ahadi kwamba ikirudi, data yote ni ya kudumu. Kithibitishi hakiikagui ahadi ya namna hiyo, kinaiamini. Upande wa pili kuna mistari michache inayoita `fdatasync`, na mistari hiyo inatupa jibu lake.

Hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Mwaka 2018 wasanidi wa PostgreSQL, mfumo wa hifadhidata, walitambua kwamba kwenye Linux, kusukuma kukishindwa, kurasa zilizoshindwa kuandikwa zinaweza kuhesabiwa kuwa safi, na jaribio la pili linarudisha jibu la kufaulu ingawa data haikufika. Kurudia amri hakusaidii. Kuanzia mwaka 2019 PostgreSQL husimama papo hapo kosa hilo likitokea na kujirejesha kutoka kwenye logi. Kwa mwanafunzi wetu tiba ni kubadilisha tangazo: mbinu irudishe kweli au si kweli, udumu uahidiwe jibu likiwa kweli tu, na jibu likiwa si kweli programu isimame. Baada ya hapo kithibitishi chenyewe kitamlazimisha kushughulikia kosa kila mahali anaposukuma, na hii ndiyo raha ya kazi hii: ahadi ikiandikwa kwa ukweli, mashine inakufuatilia.

Tundu la aina hii si la wanaojifunza peke yao. FSCQ yenyewe ilikutwa na kosa la kupoteza data katika `fdatasync`, lililotokana na sehemu isiyothibitishwa inayounganisha lugha za Haskell na C. Liligunduliwa na zana za kuigiza kuzimika na kuelezwa mwaka 2018. Mwaka 2017 uchunguzi wa mifumo mitatu iliyothibitishwa, IronFleet, Chapar na Verdi, ulipata makosa 16, na hakuna hata moja lililokuwa katika itifaki zilizothibitishwa. Yalikaa kwenye maelezo rasmi, yaani kauli zinazoeleza mfumo unapaswa kufanya nini, kwenye zana za uthibitishaji, na kwenye tabaka linalounganisha programu na ulimwengu wa nje.

Kauli yenyewe ilisema nini?

Isome tena: baada ya kuzimika, muamala unaonekana wote au hauonekani kabisa. Programu isiyoandika chochote diskini inaitimiza kauli hiyo kikamilifu. Inakosekana nusu ya pili, kwamba mbinu ya kuidhinisha ikisharudi kwa kufaulu, muamala lazima uonekane hata umeme ukikatika sekunde hiyohiyo. Kosa kama hili halishikwi na mashine yoyote, maana mashine inathibitisha ulichoandika.

Njia ya kulitafuta ni kuharibu kwa makusudi. Futa amri moja ya kusukuma, uthibitisho uvunjike. Badilisha mbinu ya kuidhinisha irudi bila kufanya kazi, uvunjike. Ukiendelea kupita, maelezo rasmi ni dhaifu mahali hapo. Pia weka `assert false`, dai lisiloweza kuwa kweli, mwishoni mwa kila mbinu yenye masharti mengi ya awali. Ikipita, masharti yanapingana na uthibitisho wa mbinu hiyo hausemi lolote. Zoezi hili ni la siku chache, nasi tungelifanya kabla ya kuandika sentensi ya kwanza ya makala.

Kinachoingia kwenye tasnifu

Mtahiniwa atakayejitokeza mbele ya kamati na kusema "mfumo wangu umethibitishwa" ataulizwa "chini ya dhana zipi", na jibu lazima liwe ukurasani tayari. `dafny audit` inaorodhesha kila `assume`, kila `extern` yenye ahadi na kila aksiomu. Kwa Coq `Print Assumptions` inafanya kazi kama hiyo, na kwa Isabelle unatafuta kila `sorry`. Orodha hiyo inakuwa jedwali: dhana, iko wapi kwenye programu, na jaribio gani lingeipinga. Timu ya seL4 ilikuwa wazi namna hii mwaka 2009. Ilithibitisha kerneli ya mistari takriban 8,700 ya C kwa maandishi ya Isabelle yapatayo 200,000, ikaeleza kwamba kikusanyaji (kinachogeuza C kuwa lugha ya mashine), mistari ya lugha ya asembli, programu ya kuwashia na maunzi vimechukuliwa kuwa sahihi. Uwazi huo haukuipunguzia hadhi kazi ile.

Katika jedwali la kisa chetu, safu ya jaribio inajazika karibu yote. Ukubwa wa andiko lisilogawanyika unajaribiwa kwa kukata maandishi vipande vya baiti 512, na programu inaweza kusoma ukubwa wa sekta inapofungua diski. Kushindwa kwa kusukuma kunajaribiwa kwa `dm-error` au `dm-flakey`, vifaa vya Linux vinavyoigiza makosa ya diski. Tabaka la kuunganishia linapunguzwa hadi mbinu tatu, soma, andika na sukuma, ili msomaji aweze kulikagua kwa macho. Mstari mmoja unabaki mtupu: kwamba kifaa kikijibu kuwa kimesukuma, kimesukuma kweli. Hakuna programu inayoweza kuigundua diski inayodanganya hapo. Unahitaji kukata umeme wa kifaa chenyewe, mara nyingi, katikati ya kazi, na hata hivyo utakuwa umekijaribu kifaa hicho na toleo hilo la programu yake ya ndani tu. Mstari huo uachwe mtupu kwenye jedwali, ukiwa na modeli ya kifaa na toleo lake mbele yake.